Mabakuli ya moto kando ya bwawa: chagua gesi kwanza, bakuli baadaye

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Tumejenga Kigamboni, si mbali na bahari. Bwawa la kuogelea limekwisha, mita 10 kwa 4.5, bado kuweka tailsi za pembeni. Fundi ameinua nguzo nne za tofali, moja kila kona, anasema juu yake tuweke mabakuli ya moto. Kaka yangu anaishi Houston, anataka kuninunulia huko manne ya shaba, ya inchi 31, ayatie kwenye kontena pamoja na vitu vyake. Fundi yeye anasema zege ndilo bora na anaweza kuyatengeneza mwenyewe. Upande mmoja wa bwawa tuna banda la makuti la kukaa wageni. Chumba cha pampu kiko chini ya ardhi, kina mfuniko. Tuna watoto watatu. Nichukue shaba au zege? Na inchi 31 si ndogo kwa bwawa hilo?

Jibu: Dada yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla kontena halijafungwa. La shaba na zege nitakujibu, lakini si sasa hivi. Katika maelezo yako yote, kilichonifanya nirudi kusoma mara ya pili ni kile chumba cha pampu kilicho chini ya ardhi. Cha pili ni banda la makuti. Ukishayapanga hayo mawili, uamuzi wa bakuli lenyewe unakuwa mwepesi.

Watu wengi huliona bakuli la moto kama pambo, wakalichagua kama wanavyochagua chungu cha maua: rangi, umbo, bei. Lakini ukiondoa ganda la nje, ulichonunua ni jiko la gesi lisilo na sufuria, linalokaa nje kwenye mvua na upepo, hatua chache kutoka kwa watu waliolowa maji. Maswali yake ni yale yale ya jiko: linatumia gesi gani, linakula kiasi gani kwa saa, na moto ukizimika ghafla gesi inakwenda wapi.

Tuanze na Houston. Kule nyumba nyingi zina gesi asilia inayoingia kwa bomba, na mabakuli haya huuzwa ya aina mbili, ya gesi asilia na ya propani. Kwa macho yanafanana kabisa. Tofauti iko kwenye nozeli, yale matundu madogo yanayopitisha gesi, na kwenye kifaa kinachochanganya gesi na hewa. Hata hapa Dar es Salaam zipo nyumba zenye bomba la gesi asilia ya TPDC, shirika la mafuta na gesi la taifa, kama baadhi ya zile za Mikocheni, lakini wewe nadhani utatumia mtungi. Gesi ya mtungi ina joto karibu mara mbili na nusu kuliko gesi asilia ya ujazo ule ule. Ukiifungia bakuli lenye nozeli ya gesi asilia, moto unaruka juu kuliko ilivyokusudiwa, unakuwa wa njano nzito na unatoa masizi. Siku ya pili unakuta tailsi mpya zina vumbi jeusi na juu ya maji kuna utando. Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia kaka ni propani, na alisome kwenye kibandiko cha kichomeo chenyewe, asitegemee maelezo ya muuzaji.

Bado kuna jambo dogo hapo. Propani ya Marekani ni propani karibu tupu. Mtungi wa kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Kichomeo cha propani kitawaka na gesi yetu, ila kinaweza kuhitaji hewa zaidi kidogo. Ukiona ncha za moto zinatoa moshi mweusi, fundi afungue zaidi tundu la hewa. Presha haina shida kubwa: vichomeo vya propani vya kule hutengenezwa kwa presha ya milibari 27 hivi, na regyuleta za majumbani kwetu hutoa 28 hadi 30.

Nyuzi za skrubu ndizo zenye mtego. Mabomba ya gesi ya Marekani yana nyuzi za NPT, ya kwetu yana BSP. Kwa bomba la nusu inchi na la robo tatu, zote mbili zina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo fundi akijaribu zinaingia, zinazunguka, zinakaza. Anaona zimekubali. Kumbe pembe ya meno yake si moja, moja ina digrii 60 na nyingine 55, na umbo la ncha za meno nalo ni tofauti, kwa hiyo gesi inapata njia ya kupita polepole hata ukizungusha tepu nyeupe mara ngapi. Kaka anunue kabisa viungo vya kubadilisha NPT kwenda BSP, viwili vya akiba juu. Ni vitu vya bei ndogo, na kuvitafuta hapa mjini utazunguka.

Sasa ulaji, maana hapa ndipo wengi hushtuka baada ya kufunga. Mabakuli ya ukubwa huo mara nyingi huja na kichomeo cha BTU 60,000 hivi kwa saa, yaani kama kilowati 17.6. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la karibu kilowati-saa 13.7. Ukigawanya, bakuli moja likiwaka kwa nguvu yote linakula kama kilo 1.3 kwa saa. Manne yanapita kilo 5. Mtungi wa kilo 15, ule unaopikia familia wiki kadhaa, mabakuli manne yanaumaliza kwa muda usiofika saa tatu, kabla wageni hawajamaliza kula. Na huo ni moto wa kilowati 70: ni kama kuwasha zaidi ya plate 20 za jiko kwa pamoja.

Hata pesa ya gesi isipokuwa tatizo, mtungi wenyewe utagoma. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili iwe hewa lazima ichemke kwa kuchukua joto kutoka kwenye ukuta wa mtungi. Ukiivuta kwa kasi kubwa mtungi mdogo unapoa, unatoa jasho kwa nje, presha inashuka na moto unanywea. Watu hudhani gesi imekwisha, wanarudisha mtungi dukani ukiwa na kilo kadhaa ndani. Kwa mabakuli mawili ningefunga mitungi miwili ya kilo 38 iliyounganishwa pamoja. Regyuleta ya jikoni nayo usiifikirie kabisa. Igeuze uisome: imeandikwa presha inayotoa na kilo inazoweza kupitisha kwa saa, na kilo hizo ni za kutosha jiko tu. Tafuta regyuleta inayopitisha angalau kilo 4 kwa saa, ya kufungwa nje.

Niliposema mabakuli mawili hukunisikia vibaya. Nataka uweke mawili, si manne. Sababu ya gesi umeshaiona. Ya pili ni makuti. Ya tatu ni ya macho: uzuri wa moto kando ya maji ni ule mwanga unaolala juu ya maji mbele yako, na huo unauona kutoka upande wa pili wa bwawa. Bakuli lililo nyuma ya kiti chako halikupi kitu zaidi ya joto la kisogoni, na Dar es Salaam hilo halina mnunuzi. Chagua nguzo mbili zilizo ng'ambo ya banda. Zile mbili za upande wa banda weka vyungu vya mimea au taa.

Twende kwenye chumba cha pampu. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani mara mbili. Ikivuja haipai juu ikapotea. Inashuka, inafuata mteremko wa sakafu, inaingia kwenye shimo la kwanza itakalokutana nalo, na kwa mchoro wako shimo hilo ni chumba cha pampu. Humo kuna mota, kuna taima, kuna kontakta, ile swichi ya kuwashia mota. Chukulia kiungo kimoja kimevuja usiku kucha, kidogo tu, harufu haijamfikia mtu kwa sababu mfuniko umefungwa. Saa 12 asubuhi taima inawasha pampu na kontakta inatoa cheche. Sihitaji kumalizia.

Kama sakafu ya pembeni bado, ushauri wangu wa kwanza ni kuuliza gharama ya kupandisha pampu juu ya ardhi, kwenye kibanda chenye matundu ya hewa chini na juu. Pampu ikikaa chini kidogo ya usawa wa maji au sawa nao itafanya kazi. Si lazima iwe shimoni. Ikishindikana kabisa, basi bomba la gesi lisipite ndani ya chumba hicho wala kwenye ukuta wake, mitungi ikae upande mwingine wa nyumba, na chumba kiwekewe bomba la kutoa hewa linaloanzia sakafuni pamoja na kihisi cha gesi kilichofungwa chini karibu na sakafu. Nasisitiza chini, kwa sababu mafundi wengi hukifunga darini kama cha moshi. Pale juu gesi ya mtungi ingekifikia chumba kikiwa kimeshajaa.

Mitungi iwe nje, imesimama, juu ya jukwaa dogo la zege, mbali na mifereji, chemba na mashimo. Mimi husema mita 2 ni chini kabisa na 3 ni afadhali. Usiiweke pamoja na dawa za bwawa. Klorini ya unga ikikutana na kitu kinachowaka huchochea moto, na mvuke wa klorini na tindikali hula regyuleta na koki za shaba kimyakimya.

Nguzo zenyewe, je, fundi ameziacha na uwazi ndani? Kwa kawaida huachwa hivyo ili kupitisha bomba. Basi uwazi huo nao ni chumba kidogo cha kukusanya gesi. Atoboe matundu mawili chini kabisa, pande zinazotazamana, kila moja ukubwa wa nusu tofali, ayazibe kwa wavu wa stenlesi ili panya na nyuki wasihamie. Kama hataki matundu, basi aijaze nguzo zege lote na kuacha njia ya bomba peke yake.

Kuhusu kuwasha, kuna mabakuli ya kubonyeza kitufe, ya rimoti, ya kuunganisha na simu, na ya kiberiti. Karibu na bahari napendelea ya kiberiti kirefu yenye valvu ya usalama. Valvu hiyo ina kijiti kinachokaa ndani ya moto. Kikipata joto kinazalisha umeme kidogo unaoshikilia njia ya gesi wazi. Moto ukizimwa na upepo, kijiti kinapoa na njia inajifunga yenyewe katika muda usiozidi dakika moja hivi. Haina betri, haina waya wa ukutani, haina bodi ya umeme ya kuliwa na chumvi. Zile za umeme ni nzuri zikiwa mpya, lakini za Marekani nyingi huja na transfoma ya volti 120, na ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia mlio mmoja tu. Ukizitaka kwa lazima, transfoma ya kushusha hadi volti 12 ikae mbali na maji, mita 3.5 na zaidi. Kitu ambacho sikubaliani nacho hata kwa bei gani ni bakuli lisilo na ulinzi wowote wa moto kuzimika, lenye koki tupu. Pwani moto utazimika. Ni suala la upepo kuamua saa ngapi.

Na upepo ndio utakaoamua mengine. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na ndiyo yenye nguvu. Kaskazi inakuja Desemba hadi Machi. Moto ulionyooka wima unaouona kwenye picha ulipigwa mahali palipokingwa, labda na kuta tatu. Kwako moto utalala. Fanya hivi: funga kipande cha kanga juu ya kila nguzo, urefu wa mkono, uache hapo. Jioni kuanzia saa 12 hadi saa 3, muda ule mtakaokuwa mnakaa, tazama kinakoelekea na kinavyonyooka. Kikilala kabisa kama bendera, bakuli la mahali hapo litahitaji kioo cha kukinga upepo au kuhamishwa. Kikielekea kwenye banda lako, usiliweke hapo hata kama mchoro unapendeza.

Gesi hairushi cheche, hilo ni kweli, lakini jani kavu likipita kwenye moto linakuwa cheche, na makuti ya miaka miwili mitatu hayahitaji kubembelezwa. Kati ya bakuli na ukingo wa paa la makuti ningetaka angalau mita 6, na juu ya bakuli pawe wazi hadi mbinguni: pasiwe na mnazi unaoinama, mwavuli wala pazia. Upana wa bwawa lako ni mita 4.5, ukijumlisha sakafu ya pande zote mbili nadhani mita 6 zinapatikana ukitumia nguzo za ng'ambo. Pima kabla ya kukata shauri. Hii pia ndiyo sababu nakukataza kuni na mkaa, kama kuna mtu atakushauri hivyo ili kuokoa gesi. Cheche zitakwenda kwenye makuti, majivu yataingia majini na kupandisha pH, na utanunua tindikali kila wiki kuirudisha chini.

Vile vibakuli vidogo vya kumimina spiriti vinavyouzwa mitandaoni navyo viache. Desemba 2024 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwataka watu waache kabisa kutumia aina hiyo inayomwagiwa mafuta ya alkoholi ndani ya bakuli wazi, baada ya vifo na majeruhi wengi wa moto. Moto wake mwangani karibu hauonekani. Mtu anadhani umezimika, anaongeza spiriti, moto unapanda hadi kwenye chupa aliyoishika.

Haya, shaba au zege.

Shaba halisi ni rafiki wa bahari. Hailiwi na kutu kama chuma. Itabadilika kuwa kahawia, halafu nyeusi, halafu kijani, na kama unataka ibaki inang'aa kama siku ya kwanza utaajiri mtu wa kuisugua. Ubaya wake ni michirizi. Mvua ikipita juu ya shaba inayogeuka inashuka na rangi ya kijani, na kwenye tailsi nyeupe haitoki kirahisi. Kwa hiyo acha nguzo iwe na mdomo unaozidi bakuli kidogo na tailsi ya juu yake iwe ya rangi ya kukolea. Jihadhari na shaba ya uongo, yaani chuma kilichopakwa shaba. Mwambie kaka aende na sumaku ndogo mfukoni: ikinasa kwenye ganda, aache. Na ganda liwe nene, lisilobonyea ukilikandamiza kwa kidole gumba.

Zege ni zuri pia, na kwa sura mimi hulipenda zaidi kwenye nyumba ya pwani. Lakini kuna zege na zege. Yale yanayouzwa kwa kazi hii yamechanganywa na nyuzi za kioo zinazostahimili saruji, ndiyo maana ganda lake ni jembamba na halipasuki ovyo. Fundi wako akimwaga zege la kawaida lenye kokoto, moto usiliguse moja kwa moja. Saruji ya kawaida inaanza kudhoofika joto likipita nyuzi 300, na unyevu uliojificha ndani ukigeuka mvuke unalibandua vipande. Kama mtakwenda njia hiyo, liachwe likomae siku 28, kichomeo kikae ndani ya sinia la stenlesi lililoinuliwa na kuacha nafasi ya hewa kati yake na zege, na mara za kwanza liwashwe kwa moto mdogo. Na amwage bila kokoto za matumbawe. Watu wa pwani wamekuwa wakichoma matumbawe kwenye tanuu kupata chokaa tangu enzi za misikiti ya Kilwa. Yakipata moto wa kutosha hayo si mawe tena, ni chokaa.

Hiyo inanileta kwenye mawe ya kujaza bakuli, ambayo watu hufanya kosa la kuokota ufukweni au mtoni. Mawe laini ya mtoni yana maji ndani yasiyo na njia ya kutoka. Yakipashwa yanapasuka na kurusha vipande usoni kwa mtu. Tumia mawe ya volkano, yale mepesi yenye vitundu vingi, au chembe za kioo kigumu zilizotengenezwa kwa ajili ya moto. Baada ya mvua kubwa hata mawe ya volkano yape dakika kadhaa kwenye moto mdogo kabla ya kufungulia. Yasifunike kijiti cha valvu wala yasirundikwe mpaka gesi ikakosa pa kutokea.

Chuma cha kuchomelea kilichopakwa rangi sikupi hata maelezo marefu: msimu mmoja wa chumvi na rangi inachubuka. Ile inayoitwa koteni, inayouzwa ikiwa na kutu yake ya mapambo, nayo ni ya bara. Kutu yake hutulia mahali pakavu. Kwenye hewa ya chumvi haitulii, inaendelea kula na kudondosha maji mekundu kwenye sakafu.

Kuliko ganda, pigania kichomeo na sinia lake. Stenlesi ya kawaida ni namba 304; karibu na bahari na klorini itatoa madoa ya kutu na vitundu vya gesi vitaanza kuziba. Namba 316 imeongezwa molibdeni na inastahimili chumvi vizuri zaidi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na sumaku haitakusaidia hapa, kwa hiyo namba iandikwe kwenye risiti. Bakuli la shaba nzuri lenye kichomeo cha 304 utalipenda mwaka mmoja, halafu utaanza kutafuta vipuri.

Ukubwa: inchi 31 ni sentimita 79. Kwa bwawa la mita 10 inatosha vizuri, mradi nguzo yenyewe, ukiacha ule mdomo wake wa juu, haizidi sentimita 60 kwa upana, bakuli lisionekane limezama. Kichomeo kiwe karibu nusu ya upana wa bakuli, sentimita 40 hivi, ili moto ukilala kwa upepo usilambe mdomo wake. Yale yenye mdomo wa kumwaga maji bwawani ni mazuri kwenye picha, ila maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa, na utaona ndevu nyeupe kwenye mdomo kabla ya mwaka kwisha. Ya moto peke yake yanakutosha. Yawe na tundu la kutoa maji ya mvua na mfuniko: maji yaliyotuama ndani ya bakuli ni nyumba ya mbu wa mchana, na Dar es Salaam imeshaonja homa ya dengi, 2014 na tena 2019.

Kwa watoto, mdomo wa bakuli uwe juu kuliko mkono wa yule mdogo unapofika, na ngazi ya kutokea majini isiwe karibu na nguzo yenye moto. Wakubwa nao: mgeni aliyevaa dera akisimama upande upepo unakoelekea, dera ndilo linalofika kwenye moto kwanza. Acha nafasi ya kupita isiyopungua mita moja na nusu. Koki kuu ya kufunga gesi yote iwe mahali mtu anapofika bila kupita karibu na moto, na kila mtu mzima wa nyumbani aijue.

Mafundi uwe nao wawili, wa gesi na wa umeme. Wa umeme aunganishe ganda la shaba na mabomba ya chuma na mfumo wa ethi wa bwawa. Wa gesi awe anatambuliwa. Shughuli za gesi ya mitungi bara zinasimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ukiuliza huko utapata pa kuanzia. Akimaliza, apime bomba kwa presha mbele yako, halafu apake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Akitoa kiberiti kupima uvujaji, mlipe nauli aende zake.

Kwa kaka nadhani ungeandika hivi: "Kaka, nunua mawili tu. Shaba tupu, nene, pima na sumaku. Inchi 31, kichomeo na sinia vya 316, cha propani, cha kuwasha kwa kiberiti chenye valvu ya kujifunga moto ukizimika. Ongeza viungo vya NPT kwenda BSP, na mawe ya volkano usinunue, yapo huku. Hela ya mengine mawili itanunua mitungi." Na kwa fundi, kabla hajaweka tailsi hata moja: alaze bomba la gesi la plastiki ya njano au bomba la kulipitishia, kina cha sentimita 50 hivi, kutoka mahali pa mitungi hadi kwenye nguzo zile mbili za ng'ambo, na apige picha ya mtaro ukiwa wazi ukiwa na futi ya kupimia pembeni, ili yeyote atakayechimba hapo baadaye ajue limepita wapi.